Imeji ya Diski Inazikwa Ingali Hai

Kwenye vikao vya watu wa TEHAMA kuna kauli inayopita siku hizi bila mtu kunyoosha mkono kuipinga: kwamba kuchukua imeji ya diski ya kompyuta moja na kuipiga kwenye kompyuta nyingine mia ni kazi iliyopitwa na wakati. Kompyuta mpya, wasema wenye kauli hiyo, inatolewa kwenye boksi, inawashwa, inaunganishwa na intaneti, mfanyakazi anaandika anwani yake ya kazini, na mengine yote yanashuka yenyewe kutoka kwenye wingu. Seva ya imeji ya makao makuu izimwe. Zile ndogo za matawini zipigwe mnada.

Wenye kauli hiyo wana ushahidi mkononi. Microsoft ilizindua Windows Autopilot mwaka 2017 kwa ahadi hiyohiyo. MDT, zana ya bure ambayo mafundi wengi walijifunzia kazi ya kusambaza Windows, ilipata toleo lake namba 8456 Januari 2019, na baada ya hapo kimya. Windows 11 ilipotoka, WDS, huduma ya seva inayowasha kompyuta kupitia mtandao na kuzisakinishia mfumo, ilizuiwa kutumia njia iliyozoeleka ya faili la kuwashia lililomo ndani ya Windows yenyewe. Mwenye mali akishaacha kuitunza zana yake, ni rahisi mtu kuamini kwamba na kazi yenyewe imekufa.

Haijafa. Kilichostaafishwa ni zana moja mbili za kampuni moja, na waliokimbilia kuandika tanzia hawakuuliza Windows inafikaje kwenye diski.

Autopilot haisakinishi Windows. Inaikuta tayari imekaa kwenye diski, kisha inaivalisha sare ya ofisi: inaiunganisha na akaunti ya taasisi, inaishushia programu na masharti ya usalama. Hiyo Windows iliyokutwa pale ilipigwa kiwandani, kwa imeji. Hata kijana anayepiga Windows kwa flashi kwenye kibanda chake anatumia imeji, kwa sababu tangu Windows Vista kisakinishi cha Microsoft hakiweki tena mafaili moja moja kama enzi za Windows XP. Kinafungua faili moja kubwa, install.wim, ambalo ndani yake kuna mfumo mzima uliokwisha tayarishwa, na kuumwaga kwenye diski. Anayesema ameachana na imeji anatumia imeji ya mtu mwingine. Diski ikifa, au kompyuta ikishambuliwa na virusi hadi ikabidi ifutwe, ataihitaji tena. Hapo ndipo suala halisi linapojitokeza: imeji hiyo iko umbali gani na kompyuta inayoingoja?

Kazi hii ilipoanza haikuwa na habari ya umbali. Murray Haszard alipoandika programu ya Ghost huko Auckland, New Zealand, mwaka 1995, tatizo lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nyingi na fundi mmoja aliyechoka kubadilisha disketi. Symantec iliinunua mwaka 1998 na ikaenea duniani kote. Taasisi za leo hazikai chumba kimoja. Benki ina matawi, chuo kina kampasi, halmashauri ina vituo vya afya, bandari ina ofisi ng'ambo. Mafundi wa makao makuu wako mji mmoja, kompyuta zinazoharibika ziko miji ishirini.

Hesabu inatosha kuonyesha uzito wake. Chukua taasisi yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Sumbawanga lenye kompyuta 40, zikiwa zimeunganishwa kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Windows pamoja na Office, programu ya uhasibu na draiva zake, ikishabanwa, yaweza kufika gigabaiti 20. Mara 40, ni gigabaiti 800. Kwa laini hiyo, hata kama hakuna mtu mwingine anayeigusa kwa baruapepe wala mfumo wa malipo, mzigo huo utatembea zaidi ya siku 7, mchana na usiku. Gigabaiti 20 zikipelekwa mara moja tu kwenye seva ndogo ya tawini, safari nzima ni kama saa nne na nusu. Zikianza saa nne usiku, kabla jogoo hajawika zimeshatua. Asubuhi, ndani ya mtandao wa tawi wenye kasi ya gigabiti moja, imeji hiyohiyo inapita kwenye waya kwa chini ya dakika tatu. Kinachoichelewesha ni diski za kompyuta zenyewe kuandika, na hata hizo kwa kawaida haziimalizi saa.

Wapenzi wa wingu wana jibu lao hapa, na si jibu la kijinga. Wanasema Windows ya leo inajua kugawana: kompyuta moja ikishashusha sasisho, jirani zake wanalichukua kwake badala ya kurudi intaneti. Ni kweli. Microsoft ilileta BranchCache mwaka 2009 pamoja na Windows 7, na kwenye Windows 10 ikaongeza Delivery Optimization. Lakini wanaoitaja huduma hiyo kama ushindi wanasahau inamaanisha nini. Inamaanisha Microsoft yenyewe ilipima laini za matawi, ikaona hazibebi, ikalazimika kuweka nakala karibu na mtumiaji. Huko ndiko kusambaza nakala matawini kunakodaiwa kuwa kumekufa. Tena ni kusambaza kwa kungojea: kitu hakiwekwi tawini mpaka mtu wa kwanza akiombe, na kompyuta haiwezi kuomba mpaka iwe na mfumo unaowaka.

Anayetaka kuona kazi ikifanyika vizuri aiangalie FOG, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2007 na Chuck Syperski na Jian Zhang, inayotumika sana mashuleni na vyuoni. Fundi anawasha kompyuta yenye diski tupu na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa mtandao. Kompyuta inaomba anwani; seva ya DHCP inaipa, na kwa vipengele namba 66 na 67 inaiambia iende seva gani na iombe faili gani. Faili dogo linashuka, nyuma yake inafuata Linux ndogo inayokaa kwenye kumbukumbu tu bila kugusa diski, na skrini ya Partclone inafunguka: mstari unaojaa taratibu, muda uliopita, muda uliobaki, kasi kwa dakika. Partclone inasoma sehemu za diski zenye data peke yake, kwa hiyo diski ya gigabaiti 500 iliyotumika 40 haibebi utupu wa zile 460.

Kompyuta zikiwa nyingi, FOG inatuma kwa pamoja. Mashine zote zinaingia foleni na kungojana mpaka ya mwisho ijiunge, kisha seva inatoa mkondo mmoja ambao zote zinaunywa kwa wakati mmoja, ziwe 5 au 40. Uzuri huo una gharama: mwendo wa kundi zima ni mwendo wa mashine iliyo dhaifu kuliko zote. Diski moja iliyoanza kuchoka inaweza kuwafanya wengine thelathini na tisa watambae. Fundi mzoefu hapotezi muda kutazama seva. Anatembea kati ya meza akisoma kasi kwenye kila skrini, akimkuta mgonjwa anamtoa kwenye kundi na kumhudumia peke yake.

Kwa taasisi yenye matawi, sehemu yenye thamani kubwa ni ile isiyoonekana. Seva za kuhifadhi imeji zinapangwa kwa makundi, na kila kundi lina seva moja kuu. Imeji mpya inapochukuliwa inakwenda kwanza kwenye hiyo kuu, kisha huduma inayofanya kazi kimyakimya inainakili kwa seva nyingine za kundi. Kila seva ya tawi inaweza kuwekewa kikomo cha kasi ili unakili usiinyonge laini wakati wateja wako kaunta. Kiongezo cha maeneo kinaiambia kila kompyuta ichukue imeji kwenye seva ya kwao. Mkondo ni wa upande mmoja: fundi wa tawi akijifanya mjuaji na kuirekebisha imeji pale tawini, seva kuu itaifuta kazi yake na kurudisha iliyo rasmi. Wapo wanaolalamikia ukali huo. Hawana haki ya kulalamika, kwani bila ukali huo baada ya miezi sita kila tawi lingekuwa na Windows yake, na hakuna ambaye angejua ipi ni ipi.

Sasa tuje kwenye intaneti yenyewe, ambayo hoja nzima ya wingu imeegemea. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kenya, Uganda na Rwanda nazo ziliyumba. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya hali ya mtandao. Miezi miwili kabla ya hapo, Machi 2024, mikongo minne, WACS, MainOne, ACE na SAT-3, ilikatika karibu na pwani ya Ivory Coast na kuziweka gizani nchi kadhaa za Afrika Magharibi. Hayo yametokea mara mbili ndani ya mwaka mmoja, katika bara ambalo wauzaji wanaliambia liache kuhifadhi chochote karibu. Tawi lililokuwa na imeji yake kwenye seva ya ndani liliweza kurudisha kompyuta iliyoharibika wiki hiyo kwa mwendo uleule wa wiki iliyotangulia. Lililotegemea kushusha kila kitu lilingoja meli ya ukarabati.

Kisa kinachopaswa kusomwa na kila mkurugenzi wa TEHAMA ni cha Maersk. Juni 27, 2017, programu haribifu ya NotPetya ilianzia Ukraine na kuingia kwenye mitandao ya kampuni hiyo ya meli ya Denmark. Kompyuta zikazimika kutoka bandari hadi bandari. Jim Hagemann Snabe, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi, alisema Davos Januari 2018 kwamba walilazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na walifanya hivyo ndani ya siku kumi. Hakuna aliyeketi kwenye kila moja ya hizo 45,000 akashusha Windows kutoka intaneti.

Lakini kabla ya kufika huko walikaribia kukwama. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 duniani zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao za kuingia, na kila moja ilikuwa na nakala ya nyingine. Zilifutwa karibu zote kwa pamoja. Kwa mujibu wa simulizi ndefu aliyoiandika Andy Greenberg wa jarida la Wired mwaka 2018, ilisalimika moja tu, iliyokuwa ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva haikuwa kwenye mtandao dakika ile. Wahandisi waliokusanyika Maidenhead, Uingereza, walipotaka kuivuta data hiyo kwa laini, walikuta laini ya Ghana ni nyembamba mno. Gigabaiti mia kadhaa zingechukua siku nyingi. Wakataka mfanyakazi wa Ghana apande ndege kwenda London, hakuna aliyekuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja asafiri na diski hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye aruke nayo hadi Heathrow. Kampuni tajiri kiasi hicho ilirudishwa kwenye uhai na diski iliyosafirishwa kwa mkono, kwa sababu laini haikutosha.

Kisa hicho kinawapa wapinzani wa wingu pigo lao pia, na haifai kulikwepa. Nakala zile 150 zilikuwa hai, zimeunganishwa, zinasasishana. Ndiyo maana ziliteketea pamoja. Anayesambaza imeji matawini kisha akaona amemaliza, ajue kwamba mtandao uleule unaobeba imeji nzuri usiku utabeba imeji mbovu, au amri ya kufuta, kwa uaminifu uleule. Seva ya imeji ya tawi inatakiwa iwe na nakala moja ya pili kwenye diski iliyochomolewa na kufungiwa kabatini, ikibadilishwa kila imeji inapobadilika. Diski ya nje ya terabaiti moja inatosha. Taasisi nyingi hazifanyi hivi, na kwa hilo watetezi wa imeji wanastahili kulaumiwa kuliko Microsoft.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Julai 19, 2024. Sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Viwanja vya ndege na hospitali vikarudi kwenye karatasi na kalamu. Mashine zilikuwa zikiwaka, zinaanguka, zinawaka tena. Usimamizi wa wingu haukuwa na la kufanya kwa mashine kama hizo, kwani wakala wake anakaa ndani ya Windows, na Windows haikufika mahali pa kumwamsha. Wengi walitembea meza kwa meza wakifuta faili moja kwa mkono. Microsoft ilipotoa zana ya kuokoa, iliitoa kwa flashi, na baadaye ikaongeza njia ya kuwasha kwa mtandao, ileile ya PXE ambayo Intel iliisanifu miaka ya 1990. Waliokuwa na seva za kuwashia kila tawi walikuwa na mlango wa kuingilia. Waliokwisha ziuza walihesabu flashi.

Imeji ina dhambi zake, na iliyo kubwa ni unene. Fundi anaanza na Windows, anaongeza Office, anaongeza programu ya idara hii na ile, anaweka draiva za mashine za aina saba, anasahau humo mafaili ya muda, na mwaka unapoisha ana gigabaiti 90 ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Sasisho linatoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, imeji inazeeka kabla haijafika matawini. Wanaosema imeji ni mzigo wameona imeji za namna hii, na wamesema kweli kuhusu walichokiona.

Dawa yake inajulikana na haina gharama. Imeji iwe nyembamba: mfumo, masasisho, basi. Draiva zikae kando, kila aina ya mashine na kabrasha lake, ziingizwe mwishoni kulingana na jina la mashine lililosomwa kwenye BIOS. Muundo wa WIM unahifadhi faili linalojirudia mara moja tu hata kama limo ndani ya imeji tano, na zana ya DISM inaweza kulipachika sasisho ndani ya imeji bila kuwasha kompyuta yoyote. Programu za idara ziwekwe baada ya mfumo kuwaka, na hapo wingu linakaribishwa kwa mikono miwili, kwani kushusha programu ya megabaiti 200 ni kazi linayoiweza. Imeji ya robo mwaka iliyotunzwa hivyo, ikikamilishwa na masasisho yaliyokwisha kuhifadhiwa tawini, haimchoshi mtu.

Dhambi ya pili ni uvivu, na hii iliwaumiza wengi mwaka 2025. Kila Windows ina namba yake ya utambulisho, SID. Anayeipiga imeji bila kuipitisha kwanza kwenye Sysprep, zana ya Windows inayoifuta namba hiyo kabla ya kunakili, anazaa kompyuta nyingi zenye namba moja. Novemba 2009 Mark Russinovich, mtaalamu wa ndani ya Windows aliyekuwa Microsoft, alitangaza kwamba hofu ya namba hizo kufanana ndani ya mtandao ilikuwa imekuzwa, akaistaafisha zana yake ya kubadilisha namba hizo, NewSID. Alisisitiza kwamba Sysprep inabaki kuwa njia rasmi, lakini mafundi walisikia nusu ya kwanza tu. Miaka kumi na sita baadaye, masasisho ya Windows 11 ya mwishoni mwa Agosti na ya Septemba 2025 yalianza kuikagua namba hiyo mashine zinapotambuana. Ofisi zilizokuwa zimepiga imeji bila Sysprep ziliamka kompyuta zikikataana: mafaili ya pamoja hayafunguki, kuingia kwa mbali kunagoma, nywila ni sahihi lakini inakataliwa. Microsoft ilieleza chanzo Oktoba, na ikasema ufumbuzi wa kudumu ni kuzijenga upya mashine hizo kwa njia inayokubalika. Wapinzani wameichukua habari hii kama hati ya kifo cha imeji. Ni hati ya hukumu kwa waliokwepa hatua moja inayochukua dakika chache.

Usalama ndio eneo ambalo hoja yao inauma kweli. TFTP, itifaki inayoshusha faili la kuwashia, haina nywila wala ufiche. Ilisanifiwa kwa mitandao ya watu wanaoaminiana. Imeji yenyewe huweza kuwa na nywila ya msimamizi ndani ya faili la majibu la usakinishaji, na yeyote anayeweza kuiomba imeji anaweza kuisoma. FOG nayo iligundulika mwaka 2024 kuwa na tundu lililomruhusu mtu wa nje kuendesha amri kwenye seva, likazibwa kwa toleo jipya. Seva ya namna hii haifai kukaa kwenye mtandao mmoja na simu za wageni. Iwekwe kwenye mtandao uliotengwa, huduma ya kuwashia ifunguliwe siku ya kazi na kufungwa kazi ikiisha, nywila za imeji zibadilishwe mashine inapowaka mara ya kwanza. Haya ni mambo ya nusu siku, na taasisi isiyoweza kuyafanya haitakuwa salama zaidi kwa kuhamia kwenye wingu, kwani kule pia akaunti moja ya msimamizi ikiibwa mtu anaweza kufuta kompyuta za nchi nzima akiwa kitandani.

Kundi jingine linalofaa kuambiwa ukweli ni la wale wanaopenda imeji lakini hawataki seva za matawini. Kwao seva moja yenye nguvu makao makuu inatosha, matawi yote yavute pale. Hesabu ya Sumbawanga inawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote. Laini ni ileile, iwe mzigo unatoka wingu au unatoka Dar es Salaam. Tena seva ya tawi haihitaji kuwa mashine ya bei. Kompyuta ya mezani iliyostaafishwa, yenye diski nzuri ya terabaiti moja, kadi ya mtandao ya gigabiti na betri ya kuihimili umeme ukikatika, inaibeba kazi hii miaka. FOG ni ya bure, na Clonezilla, iliyoandikwa na Steven Shiau wa Taiwan na wenzake, ni ya bure pia. Cha kulipia ni leseni: Windows iliyokuja na mashine kutoka dukani haitoi haki ya kuigeuza imeji na kuisambaza, haki hiyo hupatikana kwa leseni ya jumla. Hilo likaguliwe kabla ya kuanza.

Majadiliano haya yangeweza kungoja mwaka mwingine kama kalenda ingeruhusu. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za ofisi za serikali na shule hazina. Kwa hiyo kuna mashine za kupigwa Windows 11, na nyingine, zisizokubali, za kupigwa Linux ili zisitupwe. Zote ni za kufutwa na kupigwa upya, na nyingi ziko mbali na makao makuu. Juu ya hapo, vyeti vya mwaka 2011 vinavyotumiwa na Secure Boot kuthibitisha faili la kuwashia vinaanza kuisha muda Juni 2026, na kile kinachotia sahihi Windows yenyewe kinafuata Oktoba mwaka huohuo. Seva za matawi zenye mafaili ya zamani ya kuwashia zitahitaji mapya yaliyotiwa sahihi ya 2023, na mashine zinazopigwa imeji zitahitaji kuwekewa vyeti hivyo kwenye BIOS zao. Taasisi iliyo na seva kuu na njia ya kusambaza itafanya mabadiliko hayo mara moja makao makuu, iyajaribu kwenye mashine moja ya kila aina, na kuyaachia yashuke usiku kwa kasi iliyopimwa. Isiyo nayo imwandalie fundi posho ya safari, imkabidhi na flashi.